Pikipiki Hubisha Hodi Kabla ya Kukuangusha

  

Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda ndicho kilichokuleta shule asubuhi, au kilikupita njiani na kukuachia vumbi la kula. Tunazungumzia pikipiki. Najua unashangaa: "Haa! Gazeti la afya na pikipiki, wapi na wapi?"

Subiri kidogo. Je, unajua ni kitu gani kinachoongoza kwa kuua watoto na vijana duniani? Wengi mtasema malaria, wengine mtasema UKIMWI. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, kinachoongoza ni ajali za barabarani. Mwaka 2021 peke yake ajali hizo ziliua watu wa rika zote wapatao milioni 1.19. Kwa hiyo cheni iliyolegea na tairi lililokwisha ni mambo ya afya, sawasawa na maji machafu au chandarua kilichotoboka.

YALIYONIKUTA MIMI

Kazi yangu ni kuzunguka mashuleni kuzungumza na vijana kama wewe. Siku moja nilitoka Bariadi mjini kwenda shule moja upande wa Itilima. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nikachukua bodaboda, kijana wa miaka kama ishirini hivi, mchangamfu, anajua kila mtu njiani.

Kila alipokanyaga breki, gurudumu la nyuma lilitoa mlio mkali, kama chuma kinachosuguliwa kwenye jiwe. Nikamuuliza, "Kaka, mbona inalia hivyo?" Akacheka. "Usiogope, dada. Hii ndiyo kawaida yake. Ina wiki mbili inalia, na bado inapiga kazi."

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu naandika makala hii.

Tulipofika kwenye mteremko wa kuingia kijito, mbele yetu kulikuwa na ng'ombe. Akakanyaga breki ya nyuma, haikushika. Akabana ya mbele kwa nguvu kwenye tope. Tukaanguka. Mimi nilichubuka goti na kiwiko. Yeye alitanguliza mkono chini, na kifundo cha mkono kikavunjika. Alikaa na plasta wiki sita. Mwenye pikipiki hakusubiri wiki sita, alimpa kijana mwingine.

Fundi alipofungua gurudumu alituonyesha: vile vipande vya breki vinavyosugua ndani ya gurudumu vilikuwa vimekwisha kabisa, umebaki utupu wa chuma. "Huyu alibisha hodi siku nyingi," fundi akasema, "nyie tu hamkufungua mlango."

Msomaji, maneno ya fundi yule ndiyo somo letu la leo. Mara nyingi pikipiki haiharibiki ghafla. Hulia, hutetemeka, hutoa moshi, huvuta upande mmoja. Inabisha hodi. Anayejua kusikiliza hufungua mlango mapema, kwa gharama ndogo.

IMEUNDWA KWA BARABARA, INAFANYA KAZI YA PORINI

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Barabara ya lami ipo, kama ile inayotoka Lamadi kupita Bariadi hadi Maswa. Lakini ukiacha lami tu, unaingia kwenye njia za vumbi, makorongo, mchanga wa luseni na ule udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi vumbi huingia kila mahali. Mvua ikinyesha, mbuga inanata kama ugali, inajaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Sasa angalia pikipiki zetu. Nyingi ni za ukubwa wa injini wa sisi 125 au 150, zilizotengenezwa kubeba dereva na abiria mmoja kwenye barabara ya kawaida. Sisi tunaipakia mfuko wa pamba, dumu mbili za maji, mbuzi, au wanafunzi watatu kwa mpigo, ule tunaouita mshikaki. Halafu tunaipeleka njia ya ng'ombe. Ni lazima ichoke mapema kuliko kitabu chake kinavyosema.

Zipo pikipiki zilizoundwa kwa ajili ya porini na michezo. Huenda umeziona kwenye picha: zina magurudumu manne manene, na watalii huziendesha kule Zanzibar. Hata hizo zina historia ya kutufundisha. Mwaka 1970 kampuni ya Honda ilianza kuuza Marekani chombo cha magurudumu matatu yenye matairi laini, cha kuchezea mchangani na mashambani. Vijana wakakipenda sana. Lakini kilipinduka kirahisi kwenye kona na miteremko, na walioumia na kufa walikuwa wengi, watoto wa chini ya miaka 16 wakiwemo. Mwaka 1988 serikali ya Marekani na watengenezaji wakakubaliana mahakamani kwamba vipya vya magurudumu matatu visiuzwe tena.

Tunajifunza nini? Kwamba chombo kizuri kikitumiwa mahali pasipokifaa, na mtu asiyekifahamu, kinageuka hatari. Na wale wanaoshindana kwa pikipiki za porini hukagua chombo kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kwa sababu wanajua njia mbovu inalegeza kila nati. Dereva wa bodaboda wa Meatu anapita njia mbovu kila siku, tena akiwa na abiria. Yeye anahitaji ukaguzi zaidi kuliko mwanamichezo!

HODI TANO UNAZOPASWA KUZIJUA

Huhitaji kuwa fundi. Hata kama hujawahi kushika spana, unaweza kuzisoma dalili hizi.

1. Tairi. Kazi ya yale makucha ya tairi ni kung'ata ardhi na kusukuma maji na tope pembeni. Tairi kipara halina cha kung'ata. Kwenye tope linateleza kama ndala kwenye sabuni. Tazama pia kama lina mpasuko au uvimbe pembeni. Halafu upepo: tairi lenye upepo mdogo hupata joto na pikipiki huyumba kwenye kona. Likijazwa kupita kiasi, sehemu inayogusa ardhi inakuwa ndogo na breki haishiki vizuri. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye kibandiko karibu na cheni.

2. Breki. Breki ya mbele ni ya mkono wa kulia, ya nyuma ni ya mguu wa kulia. Wapo vijana wanaolegeza ya mbele makusudi, eti "itanipindua." Ni kosa kubwa. Unapofunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele, kwa hiyo kwenye njia kavu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha. Kinachopindua ni kuibana ghafla. Tumia zote mbili pamoja, taratibu, hasa kwenye mchanga na tope. Hodi za breki ni hizi: mlio wa chuma, pedeli inayozama hadi chini, au waya uliokatika nyuzi nyuzi. Na ukivuka maji, kumbuka breki za ndani ya gurudumu zikilowa hazishiki. Dereva aende polepole huku akizigusa gusa mpaka zikauke.

3. Cheni. Ikilegea sana inaweza kuchomoka na kuligandisha gurudumu la nyuma mkiwa kwenye mwendo. Ikikazwa sana inakatika. Kwa pikipiki nyingi, ukiisukuma cheni juu na chini katikati, inatakiwa icheze kama sentimita 2 hadi 3. Isikauke wala isivae koti la tope na vumbi. Tahadhari: usipake cheni oili huku injini ikiwaka! Cheni na meno yake hukata vidole kama panga.

4. Taa, honi na usukani. Taa ya mbele, taa nyekundu ya nyuma, indiketa na honi ni lugha ya pikipiki. Pikipiki isiyo na taa usiku ni bubu kati ya viziwi. Usukani nao ugeuke kulia na kushoto bila kukwama, na gurudumu lisicheze ukilitikisa kwa mkono. Spoki zilizolegea au kukatika ni hodi pia.

5. Oili na filta ya hewa. Hivi haviui leo, lakini vinaua injini, na injini ikizimika katikati ya barabara mbele ya lori, unajua kinachofuata. Oili hupimwa injini ikiwa imezimwa na kutulia dakika chache, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Fanya hesabu kidogo: kama kitabu kinasema oili ibadilishwe kila kilomita 3,000, na bodaboda anatembea kilomita 100 kwa siku, hiyo ni siku 30 tu. Kwenye vumbi letu, mapema zaidi ni bora. Filta ndiyo pua ya injini. Wapo wanaoitoa ili pikipiki "ivume." Inavuma kweli, lakini vumbi linaingia moja kwa moja na kusaga pistoni, hadi unaanza kuona moshi wa bluu. Filta ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, ikakaushwa na kupakwa oili kidogo. Usioshe kwa petroli, cheche moja tu na moto umewaka.

FIZIKIA YA KIDATO INAOKOA MAISHA

Kumbuka somo la nishati mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, nishati inaongezeka mara nne. Maana yake pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inahitaji umbali mara nne zaidi kusimama kuliko ya kilomita 30, breki zikiwa nzima.

Na kabla breki haijaguswa, ubongo unahitaji muda wa kuona na kuamua. Tuseme ni sekunde moja. Kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, katika sekunde hiyo mmekwenda mita 11, zaidi ya urefu wa darasa nyingi. Kwenye kilomita 60, karibu mita 17. Sasa ongeza breki iliyokwisha na tairi kipara, halafu fikiria mtoto anayekimbiza mpira.

WEWE ABIRIA UNA MDOMO

Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, mimi nikiwa wa kwanza. Tunaona aibu. Tunasema moyoni, "Mimi mwanafunzi tu, nitamwambia nini mtu mzima?" Lakini nauli ni yako, na mguu utakaovunjika ni wako.

Sema kwa adabu. Kwa mfano: "Shikamoo kaka. Samahani, naomba niangalie tairi kabla hatujaondoka." Au: "Kaka, naogopa mwendo, naomba upunguze." Akikasirika, mshukuru, chukua mwingine. Ukichelewa shule utaadhibiwa leo na kesho utasahau. Jeraha la kichwa halisahauliki.

Mambo mengine ya abiria:

- Vaa helmeti na ufunge mkanda wake chini ya kidevu. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Ukiogopa jasho la wenzako, vaa kitambaa chako safi kwanza.
- Kataa mshikaki. Pikipiki iliyozidiwa haishiki breki, haikati kona, na wa nyuma kabisa hana pa kushika.
- Dada zangu, kusanyeni sketi, kanga na mitandio. Nguo ikiingia kwenye spoki au cheni inamvuta mtu chini, na mtandio unaweza kumkaba shingo. Ukiweza, kaa ukitazama mbele miguu ikiwa kila upande.
- Ukibeba mdogo wako, hakikisha miguu yake haifiki kwenye spoki.
- Panda na kushuka upande wa kushoto. Pikipiki nyingi zina ekzosi upande wa kulia, na inaunguza vibaya. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

KWA NINI HAWATENGENEZI?

Tusiwalaumu madereva tu. Yule kijana wangu nilimtembelea akiwa na plasta. Nikamuuliza kwa nini hakubadilisha breki ndani ya zile wiki mbili. Akasema, "Dada, kila jioni natakiwa kupeleka hesabu kwa bosi. Nikiilaza gereji siku moja, hesabu inatoka wapi? Nikikosa mara mbili, ananyang'anya."

Unaona? Vipande vya breki ni bei ndogo kulinganisha na plasta. Tatizo ni mkataba ambao haujatenga siku wala pesa ya matengenezo. Kwa hiyo hodi inasikika, ila mlango umefungwa kwa nje.

Pengine baba yako, mjomba au kaka yako ana pikipiki na ameipangisha. Zungumza naye nyumbani. Mshauri wapange siku moja kila mwezi ya kumwaga oili na kukagua, siku hiyo dereva asidaiwe hesabu. Wanunue spea halisi, kwa kuwa breki feki inakwisha upesi na kuumiza mtu. Mwenye pikipiki naye anafaidika: injini inayotunzwa inadumu, na dereva mzima ndiye anayeleta pesa.

Na wewe unayewaza kuingia kijiweni baada ya kidato cha nne, hakuna ubaya, ni kazi halali. Jifunze kwanza, pata leseni, na ujue chombo chako kabla hujabeba roho ya mtu.

IKITOKEA AJALI

- Zuia magari mengine kwanza, usigeuke majeruhi wa pili.
- Piga 112 kwa polisi, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.
- Damu ikitoka kwa wingi, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia.
- Kama shingo au mgongo unauma, usimnyanyue kwa kumvuta mikono, na usimpakie kwenye pikipiki nyingine. Tafuta gari na watu wa kumbeba akiwa amenyooka.
- Usimpe chakula wala kinywaji.
- Hata kama anasema "niko fiti," mtu aliyegonga kichwa apelekwe kituo cha afya. Akitapika, akisinzia ovyo au kuchanganyikiwa, ni dharura. Kumbuka kuwa majeraha makubwa huenda yakahitaji rufaa hadi Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 100 kutoka Bariadi. Muda mnaoupoteza pale barabarani haurudi.

JIPIME

1. Breki inalia kama chuma kinachosuguliwa. Je, ni (a) kawaida yake, au (b) imekwisha?
2. Kwenye barabara kavu, breki yenye nguvu zaidi ni (a) ya nyuma, au (b) ya mbele?
3. Rafiki yako ameungua na ekzosi. Utampaka (a) dawa ya meno, au (b) utammwagia maji ya baridi dakika 20?
4. Cheni ya pikipiki nyingi inatakiwa icheze (a) sentimita 2 hadi 3, au (b) sentimita 10?

Majibu: 1-b, 2-b, 3-b, 4-a. Ukipata yote, safi sana! Ukikosa hata moja, rudi juu usome tena.

KAZI KWAKO

Kesho asubuhi, kabla hujapanda, chukua dakika mbili tu. Tazama matairi. Mwombe dereva abane breki zote mbili huku pikipiki ikisukumwa. Tazama cheni. Tazama taa. Uliza helmeti. Ukiona mwenzako anakucheka, mwambie unamsalimia aliyebisha hodi.

Yule kijana amepona. Sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila alfajiri huinama kuikagua kabla ya kuiwasha. Tulipokutana stendi aliniambia, "Dada, siku hizi ikilia tu, nasimama."

Nawe ikilia, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.